Namna Taa ya LED Ilivyopatana na Umeme wa Nyumbani

Mwaka 1907 Henry Joseph Round, mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa katika kampuni ya Marconi, alikitia umeme kipande cha kaborandamu, akakiona kikitoa nuru ya manjano. Akaiandikia barua fupi katika jarida, kisha akarejea kwenye shughuli zake za redio. Mrusi Oleg Losev aliichunguza nuru hiyo kwa bidii zaidi katika miaka ya 1920, lakini alifariki mwaka 1942 Leningrad ilipokuwa imezingirwa, na haikupatikana LED nyekundu ya kufaa mpaka Nick Holonyak alipoidhihirisha mwaka 1962 katika maabara ya General Electric huko Marekani.

Taa hiyo, pamoja na hekima yake yote, haikuweza kuukabili umeme wa nyumbani, ambao tangu George Westinghouse alipomshinda Thomas Edison katika karne ya 19 ni mkondo geu, nao katika nchi zetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde kwa volti 230 hivi, ilhali LED nyekundu hutosheka na volti 2, nyeupe 3, na ikipitishiwa umeme kinyume huweza kuharibika kwa volti chache tu. (Lau Edison angalishinda, mkondo wake mnyoofu ungaliafikiana na taa hii kuliko huu tulio nao.)

Tadbiri ya mwanzo ilikuwa kutia rezista njiani ili izuie nguvu iliyozidi. Lakini hiyo ni israfu iliyo wazi: kwa LED moja nyeupe ya miliampea 20, yenyewe hutumia wati 0.06, na rezista huteketeza kama wati 4.5 kwa joto tupu, mithili ya mtu achinjaye ng'ombe apate kula ulimi. Kwa ishara ya swichi jambo hilo lilivumilika. Kwa kumulikia chumba, abadani. Ndipo mafundi walipoielekea kapasita, ambayo huuzuia mkondo geu bila ya kuuchoma: ya mikrofaradi 0.33 hupitisha takriban miliampea 24, kisha diodi nne huugeuza mkondo huo uelekee upande mmoja.

Haja ya hayo ilizidi baada ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kuipata LED ya buluu, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2014, kwani buluu hiyo ikifunikwa fosfori hutoa weupe, na weupe ndio utakiwao sebuleni. Mwaka 2006 Seoul Semiconductor ya Korea ya Kusini ilitoa Acriche, iliyopokea mkondo geu wenyewe; lakini taa zilizoenea madukani ni zile za LED nyingi zilizofuatana, ili volti zao zikijumlishwa ziukaribie umeme wa ukutani na pasibaki ziada kubwa ya kupotea.

Mpangilio huo ndio unaomletea fundi kazi. Akiifungua balbu iliyozimika, aghalabu huona vipande vya manjano vilivyopangwa duara, kimoja kina nukta nyeusi. Hicho kimekufa, na kwa kuwa vyote vimeunganishwa kwa mfuatano, vingine vimezimika nacho. Hukiziba kwa tone la risasi, balbu ikawaka, ingawa vilivyobaki huchukua mzigo uliozidi kidogo. Naye hulifanya hilo baada ya kuichomoa balbu na kuisubiri kapasita imalize chaji, kwa sababu katika taa za namna hii hakuna kitu kilichoutenga umeme wa ukutani na kidole chake.