Daraja ni nini? Historia ya kupima usahaulifu vijijini

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza kufuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu tatu za Tanzania: mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Wilaya ya Morogoro Vijijini, ambamo imo kata ya Mikese. Mradi huo, AMMP, haukuwa na haja na usahaulifu. Swali lake lilikuwa watu wanakufa kwa nini, ilhali wengi wanafia nyumbani bila cheti cha daktari. Basi mhoji alimfuata mfiwa baada ya matanga na kumuuliza: marehemu alianza kuumwa lini? Alikohoa? Alipooza upande mmoja? Madaktari wakasoma majibu na kukadiria sababu ya kifo. Kwa kiharusi njia hiyo ilizaa matunda, kwani kupooza ghafla hakusahauliki. Demensia, yaani ugonjwa wa usahaulifu, ilipenya kwenye matundu ya wavu huo. Haina siku ya kuanza, na binti aliyemuuguza mama wa miaka 85 akisema mama kafa kwa uzee, hakuna mfiwa mwenzake atakayembishia.

Mradi ulifungwa mwaka 2004. Hai, iliyo jirani na Hospitali ya KCMC, ilibaki uwanja wa watafiti wa magonjwa ya ubongo, na mwaka 2010 wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita walipimwa. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, ilionekana kuwa karibu 6.4 katika kila 100 wana demensia. Tarakimu hiyo ina thamani kubwa, na ndiyo maana huwa inanukuliwa kama ya Tanzania nzima. Ninachodai ni kwamba ni tarakimu ya Hai. Ubongo wa Mluguru wa Mikese hauna tofauti na wa Mchaga wa Hai. Kinachobadilika ni kipimo, kwa sababu kipimo cha kumbukumbu hujengwa kwa maisha ya wanaopimwa.

Historia ya vipimo yenyewe inathibitisha hilo. Kile kilichoenea zaidi duniani, kilichotungwa Marekani mwaka 1975, humtaka mzee aandike sentensi, atoe saba kutoka mia tena na tena, na ataje majira ya mwaka. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atafeli akiwa na akili timamu. Na kuhusu majira, katika nchi ya vuli na masika sijui mtahini angetaka jibu gani. Watafiti walioona kasoro hiyo walitengeneza kipimo kingine cha kutumika kwa jamii tofauti. Mwaka 1995 matokeo ya Ibadan, Nigeria, yaliwekwa kando ya yale ya Wamarekani weusi wa Indianapolis: demensia 2.3 kwa 100 upande mmoja, 8.2 upande wa pili. Kisha huko Hai kikazaliwa kipimo kifupi, IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Hakihitaji kalamu. Mzee anakumbuka maneno kumi aliyosomewa, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, anamtaja kiongozi wa kijiji, na anaeleza daraja ni nini.

Mtu atauliza: kila kata ikitunga maswali yake, tutalinganishaje Mikese na Hai, au Hai na Ibadan? Hoja hiyo ni nzito, na siijibu kwa kutaka kila kata iwe na kipimo chake. Maneno kumi yabaki kumi, njiti zibaki njiti. Lakini upimaji una nusu ya pili, nayo ni mahojiano na ndugu: mzee amebadilika? Bado anafanya kazi alizozizoea? Hapo ndipo mahali panapoingia. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ardhi ilishikwa na ukoo, wazee wake wakijua shamba lipi ni la nani. Mke anaweza kusema mzee hana tatizo, kwa kuwa chakula anawekewa na shamba analimiwa. Mpwa wa mzee huyo, aliyemsikia akichanganya mipaka ya mashamba, akasema mengine kabisa. Mtafiti aliyezoea kumhoji mke au mwana wa kiume atarudi na jibu nusu.

Na kabla ya yote hayo kuna umri. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo miaka hukadiriwa kwa matukio. Uhuru wa 1961 na Azimio la Arusha la 1967 hufaa popote nchini, ila havimsaidii mtu kukumbuka utoto wake. Mikese ina kalenda yake. Reli ilipita hapo kuelekea Morogoro mwaka 1907. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916 na 1917, palikuwa kituo ambapo mizigo ya jeshi la Waingereza ilishushwa, ikabebwa na wapagazi kuelekea Rufiji. Haya mzee wa leo aliyasikia kwa babu tu. La kumfaa zaidi liko milimani: mwaka 1955, wakulima wa Uluguru walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta na ghasia zikazuka Matombo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa matuta alifika miaka 70, umri ule ambao huko Hai ulifungua mlango wa kupimwa, mwaka 2025.