Kabla ya Kuezua Bati la Zamani: Tulikotoka na Paa Letu



Msimu wa korosho ukiisha, swali ninaloulizwa sana, kuanzia Mlandizi hadi Maneromango, halihusu korosho. Linahusu bati. "Bwana shamba, bati la marehemu baba limekaa miaka arobaini. Mimi nimeezeka juzi tu, mbona tayari lina kutu?" Swali ni zuri, na jibu lake limo katika historia. Ukiijua, utaokoa pesa ya msimu mzima.

Kutoka makuti hadi bati

Wazee wetu wa Pwani waliezeka kwa makuti na nyasi. Paa la makuti lina ubaridi mzuri na malighafi yake ipo shambani. Lakini kila baada ya miaka michache lazima uliezue na kuezeka upya, na cheche moja ya moto yatosha kukuacha nje.

Bati la mikunjo lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyekuwa akijenga mabanda ya bandarini. Aligundua kuwa chuma chembamba kikikunjwa kama mawimbi kinapata nguvu ya kubeba uzito. Tatizo lilikuwa kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki ndiyo huliwa kwanza, chuma kikabaki salama. Shika jambo hilo: umri wa bati ni umri wa zinki yake. Zinki ikiisha, chuma hakina mlinzi.

Bati ni jepesi na hupangika vizuri melini, kwa hiyo lilifika pwani yetu mapema. Zanzibar na Bagamoyo, nyumba za mawe zenye paa bapa zilizokuwa zikivuja zilifunikwa kwa bati. Vijijini, bati lilionekana zaidi kwenye maduka, misheni na ofisi za serikali. Ndiyo maana tangu mwanzo bati lilikuwa alama ya heshima. Mwenye bati alikuwa mtu.

Miaka ya vijiji na miaka ya uhaba

Mwaka 1960 kiwanda cha Aluminium Africa, yaani ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam kwenye Barabara ya Pugu, njia ile ile tuliyoizoea watu wa Kisarawe. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi, na mwaka huo huo TANU ikaamua kuwa hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya pamoja. Familia nyingi zilianza upya, na nyumba nyingi zikajengwa haraka kwa miti, udongo na makuti. Bati likawa ndoto ya kila kaya.

Mwalimu Nyerere hakufurahia ndoto hiyo. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wameng'ang'ania saruji na bati kana kwamba hakuna njia nyingine, wakati tofali la kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa hapa hapa nchini. Wengi hawakumfuata.

Kisha uhaba ukaja. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipungua sana, na vifaa vya ujenzi vikawa adimu. Aliyepata bati hakuuliza unene wala zinki. Alishukuru tu. Kuanzia 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na taratibu maduka yakajaa tena. Lakini mazoea ya kununua bati bila kuuliza yamebaki nasi mpaka leo.

Kwa nini bati la baba limedumu

Kwanza, tuwe wakweli: mabati mengi ya zamani yalishaoza na kutupwa. Unayoyaona leo ni yale mazuri yaliyosalia. Hata zamani bati baya lilikuwepo.

Pili, yaliyosalia mara nyingi ni mazito. Hapa kuna mtego. Dukani tunanunua kwa geji, na geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Tena geji haina jedwali moja duniani. Katika jedwali moja la zamani la Kiingereza, geji 28 ni milimita 0.36, geji 30 ni 0.30 na geji 32 ni 0.23. Katika jedwali la Marekani la bati la zinki, geji 28 inakaribia milimita 0.47. Kwa hiyo "geji 28" mbili zinaweza kuwa bati mbili tofauti. Uliza milimita, na ikiwezekana zipimwe mbele yako.

Tatu, zinki. Hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye gramu 275 lina ulinzi karibu mara tatu ya lenye gramu 100, hata kama yote yanang'aa sawa siku ya kununua. Rangi nzuri haikuambii kilicho chini yake.

Ukiamua kubadilisha

Panga kazi Januari na Februari, pesa ya korosho ikiwa bado mkononi na masika hayajafika.

Ukishaezua, usikimbilie kupiga bati jipya. Kagua kenchi na papi kwa ncha ya kisu. Penye mchwa au ubao uliolainika, badilisha. Bati jipya juu ya mbao mbovu ni hasara mara mbili, maana upepo huondoka nalo.

Usichanganye bati jipya na lililooza kwenye paa moja. Kutu huharakisha kuliwa kwa zinki mpya. Usirudie misumari ya zamani. Kwa bati la mawimbi, msumari upigwe kwenye mgongo, si kwenye bonde linakopita maji.

Mwambie fundi mdomo wa maungio usielekee kusi, maana upepo wa kusi husukuma mvua ndani.

Kama paa la zamani si chuma bali ni karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, huenda ni asbesto. Usikate wala kuvunja, vumbi lake huharibu mapafu. Omba ushauri halmashauri kwanza.

Weka mifereji ya maji siku hiyo hiyo. Paa linalofunika mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 1,200. Nyanya yako haitalia kiu.

Mabati ya zamani yaliyo mazima usiyatupe. Yanafaa banda la kuku au stoo ya mihogo mikavu.

Na kama pesa haitoshi nyumba nzima kwa bati zuri, ezeka upande mmoja mwaka huu na wa pili msimu ujao. Nimeona wengi wakimaliza nyumba yote kwa bati jembamba ili waonekane wamemaliza, kisha wakaanza upya kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Wazee walinunua heshima kwa sababu hawakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo, basi tununue kipimo.

Mwenye swali afike ofisi ya kata, aje na kipande cha bati lake. Tutalipima pamoja.