Dawa za maumivu na uvimbe kwa mgonjwa wa ini
Ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni na nyingine za kundi hili huvunjwa na ini. Zikiwa kwenye damu, zaidi ya asilimia 99 ya hizo tatu hushikwa na albumini, protini inayotengenezwa na ini hilohilo. Sehemu ndogo iliyo huru ndiyo hufanya kazi.

Ini likisinyaa (sirosisi) kwa homa ya ini aina ya B au pombe ya miaka mingi, vimeng'enya hupungua na albumini hushuka. Dawa hukawia mwilini. Naprokseni hudanganya hata maabara: jumla yake huweza kuonekana ya kawaida ilhali sehemu huru imepanda. Selekoksibu, nayo ya kundi hili, katika sirosisi ya wastani hukaribia mara tatu ya kiwango cha mtu mwenye afya, hivyo dozi yake hupunguzwa nusu.

Lakini kupunguza dozi hakutoshi, kwa kuwa hatari kubwa iko kwenye figo. Mgonjwa aliyejaa maji tumboni hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ili figo zake zipate damu ya kutosha. Dawa hizi huzuia kemikali hizo. Figo huweza kufeli, na vidonge vya kukojosha, furosemidi na spironolaktoni, hupungua nguvu.

Kichocho cha matumbo, ambacho nacho hudhuru ini, kina sura yake. Kimeenea Burundi na Kongo ya mashariki, walikotoka wakazi wengi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi. Kovu lake huziba njia za damu ndani ya ini, huku chembe za ini zikibaki nzima kwa kiasi kikubwa. Dawa huvunjwa karibu kama kawaida. Mishipa ya umio ndiyo huvimba, nayo dawa hizi huongeza hatari ya kupasuka na kuvuja damu. Mbeba marobota ya tumbaku wa Kanengo, Lilongwe, mwenye mgongo unaouma na kichocho cha zamani, anaweza kuwa na vipimo vizuri vya ini na bado akatapika damu.

Parasetamoli huogopwa bure. Kwa mwenye sirosisi ndiyo chaguo la kwanza, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, bila pombe. Ila vipo vidonge vinavyoichanganya na diklofenaki: muulize muuza dawa kilichomo kabla hujameza.