Kitambaa Machoni: Historia ya Mchezo Mmoja wa Watoto

Mwalimu anapoombwa kuwachangamsha watoto katika sherehe, iwe ya kufunga muhula au ya siku ya kuzaliwa, aghalabu huikimbilia michezo ile ile: kugombea viti muziki unapokoma, kuvuta kamba, kukimbia na yai juu ya kijiko, na kumfunga mmoja kitambaa machoni ili awasake wenzake kwa kupapasa. Katika kurasa hizi twapenda kuutazama huo wa mwisho peke yake. Umri wake ni mkubwa, na tangu zamani haukuwa mchezo wa watoto watupu wala wa upole siku zote.

Julius Pollux, mwanachuoni wa Kigiriki aliyezaliwa Misri na kuishi katika karne ya 2, aliukusanya msamiati wa lugha yake katika kitabu kiitwacho Onomasticon, na humo aliuandika mchezo wenye jina la nzi wa shaba. Mtoto alifungwa utepe machoni, akatangaza kwamba anakwenda kumwinda nzi wa shaba. Wenzake wakamjibu kwamba kuwinda atawinda, lakini hatampata. Kisha walimchapa kwa mikanda ya mafunjo mpaka alipomkamata mmoja wao.

Mapigo hayo yaliendelea. Katika hati moja iliyokamilishwa mwaka 1344, ambayo sasa imehifadhiwa Oxford, imo michoro ya watu wa Ulaya wakiucheza mchezo huu kwa kofia za majoho yao. Aliyesaka aligeuziwa kofia mbele nyuma ikamfunika uso, na wenzake wakampiga kwa kofia zao. Hata jina la Kiingereza lililokuja kuenea baadaye lina neno la kale lenye maana ya pigo. Mataifa mengine yalichagua majina ya wanyama: kwa Wajerumani ni ng'ombe kipofu, kwa Wahispania kuku kipofu, na Waitalia, kana kwamba wamemkumbuka Pollux, husema nzi kipofu.

Hapa sisi walimu wa lugha hatuna haja ya kuwacheka wageni. Kiswahili nacho kimewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kisu, ingawa upatanisho wa sentensi huwarudishia utu wao: twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Si bure kwamba wengi siku hizi huona afadhali kusema asiyeona.

Mwandishi mmoja wa Paris asiyejulikana jina, aliyeweka kumbukumbu za mji wake, asimulia tamasha la Agosti 1425. Watu wanne wasioona walivishwa deraya, kila mmoja akapewa rungu, wakaingizwa katika uwanja uliozungushiwa uzio pamoja na nguruwe. Atakayemuua ndiye angemchukua. Walipigana wao kwa wao kwa mapigo mazito huku umati ukiangua kicheko. Hatudai kwamba mchezo wa kitambaa ulizaliwa katika uwanja ule, maana umeutangulia kwa zaidi ya miaka elfu. Lakini kicheko ni kile kile: mwenye macho anafurahia kumwona asiyeona akikosea.

Kwa karne nyingi watu wazima waliucheza bila haya. Pieter Bruegel aliuchora mwaka 1560 miongoni mwa michezo mingi ya watoto, lakini Samuel Pepys wa London aliandika katika shajara yake ya Desemba 1664 kwamba alikwenda kulala akawaacha watu wa nyumbani mwake wakiucheza, nao hawakupanda vitandani hadi saa kumi za usiku. Goya wa Hispania aliwachora wanaume na wanawake waliovaa vizuri, wameshikana mikono kumzunguka mwenzao aliyefungwa macho, naye ananyoosha kijiko kirefu akimtafuta wa kumgusa. Na katika hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, iliyotoka mwaka 1843, kijana mmoja anajifanya haoni ilhali anamfuata binti yule yule kila pembe ya chumba. Katika karne hiyo ya 19 wakubwa waliuacha kidogo kidogo, wakauachia chumba cha watoto. Mapigo yakapungua yakawa kusukumana, na kumkamata mtu hakukutosha tena. Ilibidi umpapase uso na kumtaja jina.

Badiliko hilo la mwisho twaliona kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwani limeufanya mkono kuwa chombo cha kujua. Hata hivyo, limeacha swali ambalo mwalimu mwenye mtoto asiyeona darasani hawezi kulikwepa. Mtoto aliyefungwa kitambaa anajua kitafunguliwa. Yule mwingine, aliyesimama kando akisikia wenzake wanacheka kila anayefungwa anapogonga meza, ajifunze nini kutokana na kicheko hicho?

Kicheko cha namna hiyo kiliwahi kumchoma mtu mmoja, akatenda jambo. Mwaka 1771, katika maonyesho ya Saint-Ovide mjini Paris, Valentin Haüy aliwaona watu wasioona wamevalishwa majoho, kofia ndefu zenye ncha na miwani mikubwa ya karatasi ngumu, wakipiga muziki ili wachekwe. Mwaka 1785 alifungua shule ya vijana wasioona katika mji huo huo. Ndiyo shule aliyoingia Louis Braille mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, na maandishi ya nukta nundu aliyoyatangaza mwaka 1829 ndiyo yanayosomwa kwa vidole hata katika nchi zetu.

Kwa mwalimu atakaye mchezo bila kumtenga mtu, iko namna nyingine ya zamani. Joseph Strutt, katika kitabu chake cha mwaka 1801 juu ya michezo ya Waingereza, aeleza mchezo wa maonyesho ya vijijini ambamo wote hufungwa macho isipokuwa mmoja. Huyo mwenye macho hushika kengele, akawa ndiye anayewindwa na wengi wanaofuata sauti. Hapa mambo yamepinduka: anayeona yu peke yake, naye ndiye anayelazimika kujitangaza. Kwa maoni yetu huu wapita ule wa kitambaa kimoja, na gharama yake ni kengele na vitambaa vya kutosha, pamoja na uwanja usio na mawe.

Wazo kama hilo lilitokea tena mwaka 1946, pale Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani walipobuni mchezo wa mpira wenye kengele ndani kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu huwa na wachezaji watatu watatu, na wote hufunikwa macho, hata mwenye kuona kidogo. Mistari ya uwanja huwekewa uzi chini yake ili ipapaswe kwa mkono. Mchezo huo uliingia rasmi katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Toronto mwaka 1976, na sheria yake yawataka watazamaji wanyamaze mpira unapochezwa, ili wachezaji wausikie.