Msimu wa Connecticut na Goli Letu Lililoanguka

Ndugu Mhariri alinitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Wengi wangetazamia niandike juu ya pamba, au almasi ya Mwadui, au dhahabu ya Geita, maana hayo ndiyo huandikwa kila mara juu ya sehemu zetu hizi. Mimi nimechagua habari za timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani na msimu wake wa 2008 hadi 2009. Naomba msomaji asiharakishe kuuliza yanatuhusu nini. Yanatuhusu, na nitaeleza.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Connecticut, kilichoko Storrs, sehemu ya mashambani kaskazini mashariki mwa Marekani. Kilianzishwa mwaka 1881 kikiwa shule ya kilimo. Si mbali sana na hapo uko mji wa Springfield, ambako mwaka 1891 mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya matunda juu ya ukumbi, ili wanafunzi wake wapate mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi. Huo ndio mwanzo wa mpira wa kikapu. Zaidi ya karne moja baadaye, kijana wa Kitanzania alifika jirani na mahali hapo akawa mhimili wa timu. Kijana huyo ni Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987, akasoma Makongo Sekondari. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3, yaani sentimita 221. Lakini jambo ambalo wanafunzi wa sasa yawapasa walishike si urefu. Ni kwamba alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri wa mwanafunzi wa sekondari. Kutoka hapo alikwenda Marekani, akamalizia masomo ya sekondari Houston katika jimbo la Texas, na mwaka 2006 akaingia Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, ambaye alikwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili, mwaka 1999 na 2004.

Msimu ninaouzungumzia ulikuwa wa tatu kwake. Wenzake walikuwa A.J. Price, Jeff Adrien, Stanley Robinson, Jerome Dyson, na kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Kemba Walker. Kazi ya Thabeet ilikuwa kulinda goli. Kwa wastani wa kila mchezo alifunga pointi 13.6, akadaka ribaundi 10.8, na akazuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Tarehe 31 Januari, 2009, walipocheza na Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Mwezi wa Februari timu ilitajwa kuwa ya kwanza katika orodha ya vyuo vyote vya Marekani.

Hata hivyo hakuna msimu usio na siku mbaya. Tarehe 16 Februari, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, walikutana na Pittsburgh. Mpinzani wake alikuwa DeJuan Blair, mtu wa futi 6 na inchi 7, mfupi kuliko yeye kwa inchi nane. Katika kugombea mpira, Blair alimpindua Thabeet begani na kumwangusha chini. Siku hiyo Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Connecticut walifungwa 76 kwa 68. Waliokuwa wakidhani kwamba urefu peke yake ni mchezo walipata jibu lao. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana heshima ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East.

Mwezi huo huo Dyson aliumia goti, akakosa michezo yote iliyobaki. Hivyo timu iliingia mashindano ya mwisho ikiwa na pengo.

Sasa nije kwenye siku ninayoikumbuka zaidi. Ijumaa tarehe 13 Machi, 2009 nilikuwa safarini kikazi kutoka Mwanza kwenda Geita. Wakati huo hapakuwa na daraja pale Kigongo. Tulivuka kwa pantoni mpaka Busisi. Niliwahi kwenye foleni kabla ya kupambazuka. Rafiki yangu mmoja, naye ni wa shule yetu, alikuwa Dar es Salaam mbele ya televisheni, akawa ananitumia ujumbe wa simu. Connecticut walikuwa wakicheza robo fainali ya Big East na Syracuse mjini New York, ambako bado ilikuwa usiku wa Alhamisi.

Ujumbe wa kwanza ulisema wametoka sare, 71 kwa 71, wanaongeza dakika tano. Ukaja wa pili: sare tena. Wa tatu, sare. Ilipofika nyongeza ya nne nilidhani mwenzangu ananifanyia mzaha. Watu waliokuwa jirani nami, wachuuzi wa samaki na akina mama wenye vikapu vya nyanya, walianza kuniuliza kuna msiba gani, maana kila simu ilipolia nilishika kichwa. Mchezo ulikwenda mpaka nyongeza ya sita. Katika tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja; kila mara walikuwa wakisawazisha tu. Waliongoza katika ile ya sita, na wakashinda 127 kwa 117. Wachezaji wanane wa pande zote mbili walikwisha kutolewa kwa faulo tano. Thabeet alimaliza na pointi 19, ribaundi 14, na mitupo 6 aliyoizuia. Kwa saa zetu ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi.

Jioni ile nilimtembelea mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karasha la mawe ya dhahabu nje ya mji wa Geita. Wenye umri wangu watamkumbuka bila kutajiwa jina, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko walimu wote. Nilimsimulia nyongeza zote sita. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza jambo moja tu.

"Huyo Thabeet aliuanza mchezo akiwa na miaka mingapi, ndugu yangu?"

Nikamwambia, kumi na mitano.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilipokuwa na miaka kumi na mitano ndipo goli letu lilipoanguka."

Alisema kweli. Shule ilikuwa na uwanja wa udongo wenye nguzo mbili za miti. Mwaka 1996 mchwa waliimaliza nguzo ya upande wa bwenini, na mvua ya masika ikailaza chini. Tulicheza kwa goli moja muda fulani, kisha pete ya chuma ikatoweka. Simlaumu mtu. Sisi wenyewe tulipita pale kila siku kwenda bwaloni, tukaizoea kama tulivyozoea mawe ya njiani. Mwenzetu alihamia kwenye riadha bila moyo, na alipomaliza Kidato cha Nne akaenda machimboni.

Siwezi kudai kwamba angefika Connecticut. Nachosema ni kwamba hatukumpa nafasi ya kushindwa.

Tuumalize msimu. Baada ya kushindwa na Syracuse, Connecticut waliingia katika mashindano ya taifa. Waliwafunga Chattanooga 103 kwa 47, mchezo ambao kocha Calhoun hakuwapo kwa ugonjwa; kisha Texas A&M 92 kwa 66, Purdue 72 kwa 60, na Missouri 82 kwa 75. Tarehe 4 Aprili walicheza nusu fainali ya taifa mjini Detroit mbele ya watazamaji zaidi ya 72,000. Wapinzani walikuwa Michigan State, waliokuwa nyumbani katika jimbo lao. Connecticut walifungwa 82 kwa 73. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mara 31 na kushindwa mara 5.

Tarehe 25 Juni, 2009 timu za ligi ya kulipwa, NBA, zilipochagua wachezaji wapya, Thabeet alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Huko hakung'ara kama ilivyotumainiwa. Alipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya 2014 jina lake halikuonekana tena katika ligi ile. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Wapo wenzetu waliomcheka barazani. Mimi nawaomba wahesabu upya. Kutoka miaka 15 hadi 22 ni miaka saba. Wengi aliopambana nao walianza wakiwa watoto wadogo. Mtu aliyejifunza kwa miaka saba akasimama wa pili katika uchaguzi ule hakushindwa, alichelewa kuanza. Na kama yeye wa Dar es Salaam, penye viwanja, alichelewa, wa Shinyanga na Geita atasemaje?

Ndugu wanafunzi wa zamani, katika mkutano huu limeletwa shauri kwamba ule uwanja wa zamani ufutwe, pajengwe maegesho ya magari ya wageni. Naheshimu walioleta shauri hilo, maana nia yao ni kuipendezesha shule. Lakini mimi nitalipinga. Uwanja wa mpira wa kikapu unahitaji mita 28 kwa 15, sakafu ya saruji, na pete mbili zilizo mita 3.05 kutoka chini. Wageni wetu huja siku moja kwa mwaka. Wanafunzi wanapita pale kila siku, na miongoni mwao wapo wenye miaka kumi na mitano.

Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na sasa safari ya Geita haina foleni ya pantoni. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kumwona yule mwenzetu. Mvi zimemwingia, na bado huinama kupita mlangoni. Nilipomweleza juu ya shauri la maegesho hakubishana. Alinionyesha mabomba mawili ya chuma nyuma ya karasha, mazito, ambayo mchwa hawayawezi. Amesema akipewa tarehe atayaleta mwenyewe, na ya kuchomelea pete asitafutwe fundi mwingine.

Naomba mkutano umpe tarehe.