Kutoka Merikani hadi Mitumba: Nguo katika Njia ya Tabora

Msafara ulioondoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, katika karne ya 19 ulikuwa kwanza msafara wa nguo. Shanga, waya za shaba na baruti vilikuwamo pia, lakini shuka ndiyo iliyowalisha watu njiani. Kwa nguo walinunua mtama na kuku, kwa nguo walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, na mara nyingi posho ya mpagazi nayo ilikuwa nguo. Kipimo kilieleweka njia nzima: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti.

Kufunga mtumba kulikuwa ufundi. Majora yalipangwa, yakagandamizwa na kupigwa mpaka yakawa kitu kimoja, yakazungushiwa jamvi na kukazwa kwa kamba za usumba, ukatoka mzigo mrefu wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wanyamwezi waliufungia fito tatu zilizotokeza chini, ili mpagazi akichoka aweze kuuegemeza kwenye mti bila kuulaza chini, na nguo isiguse tope. Richard Burton, msafiri Mwingereza, aliyaona haya. Alifika Kaze, kituo cha wafanyabiashara kilichokuwa mahali palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, zaidi ya miezi minne tangu aondoke pwani, na akaandika orodha ndefu ya nguo zilizokuwa zikiuzwa bara: merikani, kaniki, barsati, debwani, sahari na nyingine nyingi. Mimi huisoma orodha hiyo kama ushahidi wa wateja wenye macho makali. Mfanyabiashara aliyebeba nguo isiyotakiwa mahali anapokwenda alikuwa amebeba hasara kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Merikani ndiyo iliyotawala. Ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem, hasa baada ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja, kuwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833. Kiwanda cha Naumkeag, kilichoanza kufuma mjini Salem mwaka 1847, kilipata soko kubwa Afrika Mashariki. Wenye viwanda wa Manchester waliiga nguo hiyo, wakakataliwa kwa sababu yao ilikuwa nyepesi. Merikani ya Marekani iliadimika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, na baadaye viwanda vya Bombay vikaichukua nafasi hiyo kwa kufuma kile ambacho wateja wa bara walikuwa wamekizoea. Kwa hiyo mtu wa Unyamwezi, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alikuwa na sauti katika kiwanda cha ng'ambo.

Vazi lilimtambulisha mtu pia. Nguo za rangi zenye mapindo ya hariri zilikwenda kwa watemi na wakubwa. Merikani na kaniki zilibaki za watu wa kawaida na za watumwa. Ndiyo maana Unguja, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki wakajifunga kanga. Kanga iliingia bara kwa njia ile ile ya misafara, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ya nguo ikashuka mabegani mwa wapagazi.

Lakini tusiipambe historia hii. Nguo hizo zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa binadamu waliotekwa. Tena zilimnyima kazi mfumaji. Burton alikuta vitanda vya mfumi Unyamwezi, na wafumaji wa Ufipa walijulikana kwa nguo nene za pamba waliyoilima wenyewe. Kazi yao ilikwenda taratibu. Jora la kiwandani likawashinda kwa bei.

Pengo lililoachwa na wafumaji hao halijazibwa hadi leo. Igunga na Nzega, wilaya za mkoa huu huu wa Tabora, hulima pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vilijaribu kuigeuza pamba hiyo kuwa kanga na vitenge vyetu. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba, sasa kwa maana ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, ikamiminika. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzifungia soko lake lisilo na ushuru, chini ya mpango wa AGOA, nyingi zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishwa mwaka 2018 kuuza mavazi huko bila ushuru.

Simlaumu anayenunua mitumba. Mama anayeinamia rundo sokoni, akivuta mshono, akiigeuza kola na kuinyanyua suruali juani aone kama imechakaa magotini, anafanya kazi ile ile iliyowashinda watu wa Manchester. Kilichobadilika ni mahali hasara inapoangukia. Kukataa kwake hakufiki tena kiwandani, kwa kuwa nguo ilikwisha kuuzwa mara ya kwanza Ulaya au Marekani. Hasara humwangukia mchuuzi aliyenunua belo likiwa limefungwa, na blauzi ya poliesta iliyokosa mtu huishia kwenye dampo la mji wetu.