Lancia Fulvia Coupé: deni la kiwanda cha zamani mkononi mwa mnunuzi wa leo

Kati ya gari za zamani za Italia zenye milango miwili, zilizotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, Lancia Fulvia Coupé ni moja ya zile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida huko Ulaya bado anaweza kufikiria kuinunua. Bei yake iko mbali sana na ile ya Ferrari. Lakini wengi hugundua kwamba pesa waliyompa muuzaji ilikuwa mwanzo tu, na kwamba garaji inakula zaidi. Sababu yake haiko kwa muuzaji peke yake. Iko ndani ya historia ya kiwanda kilichotengeneza gari hiyo, mjini Torino, kaskazini mwa Italia.

Uhandisi kwanza, hesabu baadaye

Vincenzo Lancia, dereva wa mashindano, alianzisha kampuni yake mwaka 1906 pamoja na mwenzake Claudio Fogolin. Mwaka 1922 walionyesha gari iliyoitwa Lambda. Wakati ule gari nyingi zilijengwa juu ya fremu nzito ya chuma, kisha karoseri ikawekwa juu yake. Kwa Lambda, karoseri yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo. Tangu hapo Lancia ikajulikana kama nyumba ya wahandisi: wazo zuri lilitengenezwa hata kama gharama yake ilikuwa kubwa.

Tabia hiyo ilileta sifa, lakini haikuleta faida ya kutosha. Vincenzo alikufa mwaka 1937. Mwanawe Gianni aliingiza kampuni katika mashindano makubwa ya Formula 1, na mwaka 1955 pesa zikaisha. Gari za mashindano zikakabidhiwa kwa Ferrari, na familia ikaacha kampuni mikononi mwa Carlo Pesenti, tajiri wa viwanda vya saruji.

Chini ya Pesenti, kazi ya ufundi ilipewa mhandisi Antonio Fessia. Yeye pia hakuwa mtu wa njia ya mkato. Mwaka 1963 Fulvia ya kwanza, yenye milango minne, ilionyeshwa Geneva. Jina lake lilitoka kwa barabara ya zamani ya Waroma. Mwaka 1965 ikafuata Coupé, iliyochorwa na Piero Castagnero: fupi, nyembamba, yenye vioo vikubwa.

Motere ambayo haikufanana na zingine

Motere ya Fulvia ina silinda 4 zilizopangwa kwa umbo la V, lakini V hiyo ni nyembamba sana, karibu digrii 13 tu. Kwa hiyo silinda zote zinafunikwa na kichwa kimoja. Motere nzima imelazwa upande ili ingie chini ya kifuniko kifupi cha mbele, na nguvu inapelekwa kwa magurudumu ya mbele. Breki zote 4 ni za diski, jambo ambalo gari nyingi za ukubwa ule hazikuwa nalo. Coupé ya kwanza, ya sentimita za ujazo 1,216, ilikuwa na nguvu za farasi 80.

Gari hiyo haikuwa rahisi dukani, lakini kuitengeneza kulikuwa ghali mno. Kampuni ndogo haikuweza kuuza gari za kutosha kulipa kazi hiyo yote. Madeni yalipanda mpaka mwaka 1969, ambapo Fiat, jirani mkubwa wa Torino, ilichukua Lancia pamoja na madeni yake. Inasimuliwa mpaka leo kwamba bei ilikuwa lira moja kwa kila hisa.

Ushindi uliorefusha maisha yake

Fulvia ingeweza kuishia hapo. Kilichoisaidia ni mashindano ya rali. Timu ya Lancia, chini ya Cesare Fiorio, ilikuwa imeshinda Corsica mwaka 1967 na dereva Sandro Munari. Mwaka 1972 Munari na msaidizi wake Mario Mannucci walishinda rali ya Monte Carlo, katika milima na theluji, mbele ya Porsche na Alpine zilizokuwa na nguvu zaidi. Mwaka huo huo Lancia ilichukua ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji. Fulvia ya milango minne iliachwa mwaka 1972, lakini Coupé iliendelea kutengenezwa mpaka 1976. Kwa jumla zilitoka takribani 140,000.

Afrika ya Mashariki pia iliiona. Katika Safari Rally ya mwaka 1974, iliyoshindwa na Joginder Singh wa Kenya kwa Mitsubishi, Munari alimaliza wa tatu kwa Fulvia, baada ya Björn Waldegård wa Porsche. Lancia ilingoja mpaka mwaka 1988 kupata ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo, kwa gari ya aina nyingine.

Mnunuzi anapaswa kuangalia nini?

Historia hiyo yote inaonekana pale gari inapoinuliwa kwenye garaji. Motere, ikibadilishiwa mafuta kwa wakati, ni imara na hudumu. Lakini siku inapofunguliwa inahitaji fundi anayeijua, kwani wengi hawajawahi kugusa V ya namna hiyo. Piesi zinapatikana kwa wauzaji maalum wa Ulaya, si dukani popote.

Adui mkubwa ni kutu. Motere, sanduku la vitesi na resori za mbele vinabebwa na fremu ndogo iliyofungwa kwenye karoseri. Kutu ikila fremu hiyo, au mahali inapofungwa, gari si salama tena hata kama rangi inang'aa. Pia ni lazima kutazama sakafu, vizingiti vya milango, kando ya vioo, na mahali resori za nyuma zinaposhikwa. Kwa kuwa karoseri ndiyo inayobeba mzigo, kama Lambda ya mwaka 1922, kutu hapa si suala la uzuri tu. Ni mifupa ya gari.

Kuna hatari nyingine: udanganyifu. Aina ya 1.6 HF ya mwaka 1969, yenye taa kubwa za mbele, ilitengenezwa kwa idadi ndogo na leo inauzwa ghali sana kuliko Coupé ya kawaida. Kwa hiyo kuna gari za kawaida zilizovalishwa taa kubwa na alama za HF. Mnunuzi mwangalifu analinganisha namba ya karoseri, namba ya motere na karatasi za gari kabla ya kutoa pesa.

Wenye uzoefu wa gari hizi wanarudia neno moja: nunua karoseri nzuri, hata kama motere imechoka. Motere hutengenezwa na bei yake hujulikana mapema, lakini kazi ya kutu haina mwisho unaoweza kuhesabiwa. Fulvia ya bei ndogo, iliyooza chini, inaweza kumeza pesa kuliko ile iliyotunzwa ambayo mnunuzi aliiona kuwa ghali. Rahisi ni ghali, walisema wazee.

Lancia ilitengeneza gari bila kuhesabu vizuri gharama, na deni hilo liliiangusha. Gari zake zimebaki barabarani, na kila anayechukua funguo za Fulvia leo anaendelea kulipa sehemu ya deni lile. Anayejua historia hiyo anaingia na bajeti ya garaji tayari mfukoni. Asiyeijua anaiuza baada ya mwaka mmoja, kwa hasara.